Mizimu katika Bakuli la Asubuhi

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, katika majiko mengi ya Marekani mashine ya kusagia matunda huanza kunguruma kabla jua halijapanda. Ndizi mbivu zilizomenywa na kugandishwa usiku kucha hutiwa ndani yake pamoja na maziwa ya mgando, boga lililopikwa na kupondwa, na mdalasini kidogo. Rojo itokayo humo huwa nzito kiasi cha kuliwa kwa kijiko, na rangi yake ni ya machungwa, rangi ya sikukuu yenyewe. Atakaye bakuli la kijani, mfano wa zimwi, huweka parachichi na mchicha mahali pa boga. Atakaye rangi ya usiku hutia matunda madogo meusi yatokayo katika vichaka vya nchi za baridi, au açaí, tunda la mnazi mwembamba wa bonde la Amazon.

Kisha huja mapambo. Nusu ya ndizi husimamishwa katikati ya bakuli, ikachomekwa matone mawili ya chokoleti yawe macho, na tayari ni mzimu. Mtindi huchorwa duara juu ya duara, ukavutwa kwa kijiti, ukawa utando wa buibui. Chenza lililomenywa, likichomekwa kijiti cha kijani, huwa boga dogo. Mbegu za maboga hupangwa zikawa meno. Siri ya kazi yote hiyo ni ile ndizi iliyogandishwa: bila ya hiyo rojo huwa nyepesi, na mizimu yote huzama kabla mtoto hajashika kijiko.

Mtoto hucheka, hula, na huenda shule. Jioni huvaa vazi la mzimu na kupita nyumba kwa nyumba akiomba peremende. Hiyo ndiyo Halloween, sikukuu ya mazimwi ya majira ya kupukutika majani.

Msomaji wa Kongwa au wa Makete anaweza kuuliza: mambo haya yanamhusu nini mkulima na mfanyakazi wa Tanzania? Jibu ni kwamba meza ya chakula ni kitabu cha siasa kilicho wazi kuliko vyote. Anayetaka kuijua jamii na asome kilichomo katika bakuli la mtoto asubuhi, kimetoka wapi, kimevunwa na nani, na ni mtoto gani ambaye bakuli lake ni tupu. Bakuli la mizimu lina mambo hayo yote ndani yake.

Kwanza ni vema haki itendeke kwa sikukuu yenyewe. Wapo wanaoipuuza kuwa upuuzi wa Wazungu, na wapo wanaoilaani kuwa ibada ya shetani. Wote wawili hawajaitazama asili yake. Halloween ilizaliwa na wakulima. Watu wa kale wa Ireland na Scotland waliadhimisha usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba kuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi. Ng'ombe walirudishwa kutoka malishoni, ghala zilifungwa, na iliaminika kwamba usiku huo wafu huwatembelea walio hai. Kanisa lilipoiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na siku ya kuwaombea marehemu tarehe 2, desturi ya zamani haikufa, ila ilivaa kanzu mpya. Katika siku hizo maskini walipita milangoni mwa wenye nacho, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo kubisha hodi kwa watoto wa leo kumetokana na maskini aliyekuwa akiomba chakula.

Hata boga lina habari yake. Huko Ireland taa za usiku huo zilichongwa katika mizizi minene jamii ya figili. Ilipoingia njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, ugonjwa ukateketeza viazi vya wakulima huku nafaka na mifugo ya nchi hiyo iliyotawaliwa na Uingereza ikiendelea kusafirishwa nje kuuzwa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walihama. Wengi wa waliofika Marekani hawakuwa na mali ila desturi zao. Huko walilikuta boga, zao la wenyeji wa asili wa bara hilo, kubwa na laini kuchonga, wakaliwasha mshumaa. Kwa maneno mengine, taa ile inayochekesha watoto iliwashwa na watu waliokimbia njaa, njaa ambayo maamuzi ya watawala yaliizidisha.

Sasa itazamwe ilivyofanywa na wafanyabiashara. Katika miaka ya 1930 watoto wa Marekani walianza kwa wingi kupita wakiomba vitu milangoni. Vita Kuu ya Pili ilileta mgawo wa sukari. Mgawo huo ulipoondolewa mwaka 1947, makampuni ya peremende yaliona soko lililokuwa likingoja. Kabla ya miaka mingi kupita, njugu, matofaa na maandazi ya nyumbani yaliondoka mlangoni, na mahali pake pakawa na peremende za kiwandani zilizofungwa moja moja. Mwaka 2023 shirikisho la wauzaji wa rejareja wa Marekani lilikadiria kwamba wananchi wa nchi hiyo wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sikukuu hiyo moja, kwa mavazi, mapambo na peremende. Sikukuu ya ghala lililojaa imegeuzwa kuwa sikukuu ya rejista ya fedha.

Na ndani ya peremende hizo imo kakao. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka nchi mbili za Afrika Magharibi, Kodivaa na Ghana. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia saini ahadi ya kuondoa aina mbaya kabisa za ajira ya watoto katika mashamba hayo. Miaka 19 baadaye, mwaka 2020, utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago ulionyesha kwamba watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa bado wakifanya kazi za kakao katika maeneo ya kilimo hicho ya nchi hizo mbili. Mtoto mmoja huvaa vazi la mzimu kwa furaha ya usiku mmoja. Mwingine hushika panga mwaka mzima, wala hajulikani, wala haonekani. Huyo wa pili ndiye mzimu wa kweli wa sikukuu hiyo.

Katika hali hiyo, mama anayeamka mapema na kumsagia mwanawe ndizi na boga anastahili sifa. Yeye anajua kwamba jioni mtoto atarudi na mfuko wa sukari. Anachofanya ni kutanguliza matunda, maziwa na mbegu, ili tumbo liingie katika vita likiwa na silaha. Tena hamnyimi mtoto furaha yake. Anaitia furaha hiyo ndani ya chakula chenye manufaa. Hekima hiyo ni ya akina mama wa dunia nzima. Mama wa Kitanzania anayemwambia mtoto kwamba kila kijiko cha uji ni cha babu, cha bibi na cha shangazi, anatumia elimu ile ile.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uzuri wa bakuli usiwafumbe watu macho wasiulize zaidi. Maswali ni mawili.

Swali la kwanza ni hili: matunda hayo yametoka wapi? Ndizi, ambayo ndiyo nguzo ya bakuli lote, haiwezi kustawi katika sehemu kubwa ya Marekani. Huletwa na meli kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini. Historia ya ndizi hiyo imeandikwa kwa damu. Mwezi Desemba 1928, wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya kampuni ya Kimarekani ya United Fruit waliogoma huko Ciénaga, Colombia, walipigwa risasi na jeshi la nchi yao wenyewe. Walichodai ni mambo ambayo mfanyakazi yeyote angeyadai, yakiwamo siku ya mapumziko katika wiki na kulipwa fedha taslimu badala ya hati za duka la kampuni. Mwaka 1952 serikali ya Rais Jacobo Árbenz wa Guatemala ilipitisha sheria ya kuwagawia wakulima ardhi iliyolala bila kulimwa, ikiwamo ya kampuni hiyo hiyo. Mwaka 1954 serikali hiyo, iliyochaguliwa na wananchi, iliangushwa kwa njama za shirika la ujasusi la Marekani. Ndizi ikawa rahisi mezani kwa sababu ardhi na jasho vilifanywa kuwa rahisi shambani.

Açaí nayo ina somo lake. Katika jimbo la Pará, Brazil, tunda hilo si pambo wala anasa. Ni chakula cha wavuvi na wachukuzi, huliwa bila sukari pamoja na samaki na unga wa muhogo, kama ugali uliwavyo na dagaa. Lilipogunduliwa na walaji wa miji ya kusini ya nchi hiyo, na baadaye wa Marekani, lilitiwa sukari, likagandishwa, likapandishwa cheo na bei. Mkulima mwenye minazi hiyo amepata soko, na hilo ni jambo jema. Lakini mlaji maskini wa Belém sasa hushindana kwa bei na mlaji wa New York kwa chakula alichorithi kwa babu zake.

Swali la pili ni zito zaidi: ni nani hukaa mbele ya bakuli hilo? Picha za majiko yenye kung'aa zinaweza kumfanya mtu wa mbali adhani kwamba kila mtoto wa Marekani huanza siku kwa mizimu ya ndizi. Ukweli ni kwamba katika nchi hiyo, tajiri kuliko zote, wizara ya kilimo yenyewe ilihesabu kaya milioni 18, yaani asilimia 13.5 ya kaya zote, ambazo katika mwaka 2023 hazikuwa na uhakika wa chakula kwa wakati fulani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama wanakaa mtaa mmoja.

Njaa hiyo ya asubuhi iliwahi kupata watetezi. Mwezi Januari 1969, vijana wa chama cha Black Panther, Wamarekani weusi wa mji wa Oakland, walianza kuwapikia watoto wa mtaa chakula cha asubuhi katika ukumbi wa kanisa kabla ya kwenda shule. Hapakuwa na mapambo. Kulikuwa na mayai, uji na maziwa, na kulikuwa na mtu wa kumwuliza mtoto amelalaje. Mpango huo ulienea upesi katika miji mingine. Ajabu ni kwamba idara ya upelelezi ya nchi hiyo, FBI, iliuona kuwa hatari. Sahani ya mayai ya mtoto ilitisha kuliko bunduki, kwa sababu ilifichua kwamba dola kubwa ilikuwa imeacha kazi yake. Serikali ilikuwa na mpango wake wa majaribio wa chakula cha asubuhi shuleni tangu mwaka 1966. Mwaka 1975 mpango huo ukafanywa wa kudumu. Hakuna awezaye kusema kwamba mfano wa Oakland haukusukuma mambo.

Na kama mtu anadhani kwamba hayo ni ya zamani, akumbuke mwaka 2025. Wanasiasa wa Washington walishindwa kuelewana juu ya bajeti, na shughuli za serikali zikafungwa tangu tarehe 1 Oktoba. Tarehe 31 Oktoba watoto walipita milangoni wakiwa mazimwi. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, malipo ya msaada wa chakula yanayotegemewa na watu wapatao milioni 42 hayakutoka. Katika nyumba ngapi peremende za usiku ule ndizo zilizokuwa akiba ya chakula cha asubuhi iliyofuata? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hata hivyo, kusema maovu ya wengine ni kazi rahisi, na gazeti lililoishia hapo lingekuwa limewapaka wasomaji wake mafuta kwa mgongo wa chupa. Bakuli lile lina uzi unaofika hadi Tanzania. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula katika nchi zake. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haikuweka pingamizi unga huo utiwe katika vinywaji vya matunda yaliyosagwa. Tangu hapo tunda la mbuyu, ambalo mtoto wa Dodoma hulimumunya akichunga mbuzi, limewekwa katika vikopo vya kupendeza na kuitwa ajabu ya Afrika. Parachichi la Njombe, Iringa na Mbeya nalo husafiri hadi Ulaya kuyapaka mabakuli rangi ya kijani.

Biashara hiyo ni njema na inafaa iendelezwe. Mkulima wa Njombe aliyejenga nyumba ya bati kwa parachichi hana kosa lolote, na fedha za kigeni ni damu ya uchumi. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, ambako ni zaidi ya nusu ya watoto, kisha Njombe na Rukwa, ambako ni karibu nusu. Mikoa hiyo haina ukame. Ni mikoa ya mahindi, viazi, maharagwe, maziwa na parachichi. Ghala la taifa ndilo lenye watoto waliodumaa! Hilo si fumbo la kuwaachia waganga. Mama hushinda shambani tangu alfajiri, mtoto huachiwa kiporo cha ugali au uji mweupe usio na kitu, na kilicho bora hupakiwa kwenye lori.

Nchi hii iliwahi kulisema jambo hilo waziwazi. Mwaka 1972, mjini Iringa penyewe, lilitolewa azimio la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo wananchi kwa maelfu walikaa katika vikundi mbele ya redio, vijijini mwao, wakajifunza na kujadili chakula wanachokila. Hawakungoja picha kutoka ng'ambo ziwafundishe kwamba boga ni chakula. Mafunzo hayo hayajachakaa. Kilichopungua ni bidii ya kuyafuata.

Basi yapo mambo matatu ya kufanya, na hakuna hata moja linalohitaji mashine ya umeme.

Kwanza, uji wa shuleni uwe jambo la lazima katika mipango ya kila kijiji, wala usiwe hisani ya mwalimu mkuu mwenye moyo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, baadhi ya wazazi walidhani kwamba hata debe la mahindi la mwanao ni kazi ya serikali, na baadhi ya viongozi, kwa kuogopa lawama, walinyamaza. Kunyamaza huko ni kuwasaliti watoto. Kiongozi wa Chama katika tawi, pamoja na halmashauri ya kijiji, asimame mkutanoni aeleze ukweli: ada imefutwa, lakini mtoto mwenye njaa hasikii hesabu, na wajibu wa kumlisha ni wa mzazi na jamii kwa pamoja. Mkutano upange kila kaya itoe nini na lini, na daftari la michango lisomwe hadharani.

Pili, uji huo uwe na kitu. Unga wa mahindi yasiyokobolewa, karanga zilizosagwa, maharagwe au dagaa, boga lililopondwa, na ubuyu uliokorogwa mwishoni, sufuria ikiisha kuepuliwa, ili nguvu yake isiungue. Hilo ni bakuli linaloweza kushindana na lolote la Chicago. Wala isidhaniwe kwamba tunda peke yake humaliza udumavu. Mtoto hujengwa tangu tumboni na katika miaka miwili ya kwanza, kwa lishe ya mama, maziwa yake, maji safi na choo. Kwa hiyo baba anayempumzisha mama mjamzito na kumletea yai anapigana vita hiyo sawasawa na mganga wa zahanati.

Tatu, kila kijiji kinachouza parachichi au ubuyu nje kiweke kando sehemu ya mavuno kwa ajili ya watoto wake kabla lori halijapiga honi. Mahesabu ya ushirika yasiishie kwenye kilo na shilingi. Yahesabu pia watoto waliopimwa zahanati na wakakutwa na uzito unaostahili. Ushirika unaotajirika huku watoto wa wanachama wakidumaa umeshindwa, hata ukinunua gari jipya.

Kwa Watanzania wa mijini walioanza kuiga mapambo ya Oktoba, hakuna haja ya kuwagombeza. Mtoto akichekeshwa kwa ndizi yenye macho, nchi haianguki. Ila na ajue pia kwamba sikukuu hiyo ilianza kwa mavuno na kwa mkate aliopewa maskini mlangoni. Mwaka 1950 watoto wachache wa Philadelphia walikumbuka hilo, wakapita na makopo wakiomba senti kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi nyingine badala ya peremende, na desturi hiyo ikawa msaada mkubwa kwa shirika la UNICEF. Anayetaka kuiga na aige hapo.

Mizimu ya ndizi haimwogopeshi mtu. Kinachotisha ni darasa la asubuhi, saa nne, lenye watoto arobaini wanaotazama ubao bila kuuona kwa sababu hawajatia kitu kinywani tangu jana. Mzimu huo haufukuzwi kwa taa ya boga. Boga lenyewe liingie sufuriani, na kila mtoto awe na bakuli.